Mtu wa Kwenye Bango

Ukungu wa Uyole siku hiyo uligoma kuondoka. Saa tatu asubuhi Sedekia alikuwa juu ya kenchi, zile mbao za kubeba bati, za nyumba ya Limbu, miguu inaning'inia, na chini yake hapakuwa na ardhi ila weupe mtupu. Malori ya barabara kuu aliyasikia bila kuyaona. Alizipenda asubuhi za namna hiyo. Mtu akiwa juu ya nyumba ndani ya ukungu hana jirani, hana wa kumwuliza lolote. Ana mbao zake, ana nyundo, ana kamba aliyoikaza tangu jana, na mawazo yanamjia polepole kama ya mtu aliye nusu usingizini.

"Fundi!" Sauti ilimwita kutoka huko kwenye weupe. "Fundi Sedekia, hebu shuka kidogo."

Alikuwa Limbu mwenyewe, Msukuma wa bonde la Usangu, mwenye ng'ombe wengi na mashamba ya mpunga, ambaye aliamua kujenga Uyole ili watoto wake wasome mjini. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, na paa lake lilikuwa kazi kubwa kuliko zote ambazo Sedekia alipata kuzishika katika miaka kumi na minne ya kupanda ngazi.

Alishuka. Chini alikuta kiti cha plastiki kimewekwa tayari, na juu ya tofali soda imekwisha funguliwa. Mke wa Limbu, Ng'washi, alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda kitenge mpaka mabegani kwa baridi.

"Kaa, fundi. Kunywa kwanza," Limbu alisema.

Fundi akiambiwa akae anywe kwanza, saa tatu asubuhi, kazi iko katikati, moyo wake haukai hata kama mwili umekaa. Sedekia alikaa ukingoni mwa kiti.

"Jana nilikuwa Iringa," Limbu alisema huku akipekua simu yake. "Nilikwenda kuangalia mashine ya kukoboa. Sasa pale stendi kuna bango limebandikwa ukutani. Nikalipita. Nikarudi. Nikajiuliza, mbona huyu namfahamu? Nikapiga picha. Hebu angalia. Siyo wewe huyu?"

Sedekia alijifuta mikono kwenye suruali, akaipokea simu. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya kuchora. Mwanamume amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshika mwavuli uliofunguliwa ndani ya nyumba, na chini ya mwavuli, mapajani pake, amelala mtoto. Sakafuni kuna beseni. Na kutoka kwenye paa mpaka chini, mistari myeupe, mingi, imejaa chumba kizima. Uso ulikuwa mdogo, lakini mabega yalikuwa yake, na lile shati lenye mfuko uliochanika lilikuwa lake, na namna ile ya kuinamisha kichwa alikwisha iona kwenye vioo vya madirisha ya watu alipokuwa akipita na mabati.

"Mvua hiyo!" Limbu alisema, na kicheko kikamtoka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Kilikuwa cha mtu aliyekaa nacho njia nzima. "Mwavuli ndani ya nyumba! Nilicheka pale stendi mpaka kondakta akaniuliza kulikoni. Nikamwambia, huyu ndiye anayeniezekea."

Ng'washi hakucheka. "Fundi, ni kwako hapo?"

"Mke wangu ndiye aliyechora," Sedekia alisema. "Huwa anachonga picha kwenye ubao, anaupaka wino, halafu anachapa kwenye karatasi. Sasa hivi yuko Iringa, kuna maonyesho."

"Sikuuliza nani amechora," Ng'washi alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma zaidi. "Nimeuliza, ni kwako?"

"Ni kwangu."

"Na kunavuja hivyo?"

Alitaka kueleza kwamba mabati yale yalikuwa yameshushwa kwenye shule moja iliyobomolewa, kwamba yalikuja na matundu ya misumari ya watu wengine, kwamba kila mwaka alikuwa akiyaziba kwa lami na kila Oktoba jua lilikuwa likiiyeyusha. Alitaka kusema kwamba kila alipokaribia kununua mabati mapya, kitu kingine kilitangulia. Maneno yote hayo yalifika kooni yakajipanga foleni, na lililotoka likawa moja.

"Ni mabati ya zamani."

Limbu alikohoa, akaangalia paa lake lililokuwa mbavu tupu ndani ya ukungu. "Basi tungoje kidogo, fundi. Sikufukuzi, usinielewe vibaya. Kuna fundi wa Mbalizi, shemeji yangu anamfahamu. Aje tu aangalie. Sasa ukimaliza soda, ngazi yako unaweza kuondoka nayo, eti? Isije ikaibiwa."

Sedekia aliimaliza soda, kwa sababu kuiacha kungeonekana ni hasira. Kisha akaibeba ngazi yake begani, akakatiza soko la Uyole katikati ya wauza viazi na wauza mitumba. Mkoba wa zana mtu anaweza kuuficha chini ya koti. Ngazi haifichiki.

"Vipi fundi, umeshamaliza kwa Msukuma?" mtu alimwuliza.

"Bado kidogo," alijibu, na akageuza ngazi ili iwe baina yake na yule mtu.

Nyumba yake ilikuwa mteremkoni, nyuma ya soko. Alipofika, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na jua likaingia ndani kama lilivyozoea kuingia, kwa matundu ya misumari, likamwaga sakafuni viduara vyeupe visivyohesabika. Binti yake, Sabina, wa miaka minne, alikuwa akiangaliwa na jirani, Mama Justine. Aliposikia ngazi ikigonga ukuta alikuja mbio, akaanza mchezo wake wa kila siku, kuruka kutoka kiduara hadi kiduara bila kukanyaga giza. Vile viduara vilikuwa vikisogea polepole, na mtoto akisogea navyo, na chumba kizima kikawa kama kitu kinachoelea. Siku nyingine Sedekia angekaa kumtazama. Siku hiyo alitoka nje akapiga simu.

"Baba Sabina!" Sekela alipokea kwa furaha. Nyuma yake kulisikika watu wengi. "Mtoto amekula?"

"Amekula. Sekela, umenitundika ukutani."

"Nilikuonyesha," mkewe alisema.

"Ulinionyesha ubao mkubwa kama mlango, mweusi, mambo yote yamegeuzwa, kushoto kulia. Na nilikuwa nakula."

"Ndiyo. Nikataka kukueleza, ukasema ni nzuri mama, wewe endelea tu."

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimzidishia hasira. "Nyumba ni stara, Sekela. Mtu anasimamisha kuta nne ili yaliyomo yabaki humo. Wewe umekwenda umebomoa ukuta mmoja ili watu wa stendi watuchungulie. Limbu amenitoa kazini leo. Amenitoa kwa soda. Nimepita sokoni na ngazi begani mchana kweupe."

"Jamani, Sede. Pole. Pole sana."

"Libandue hilo bango."

"Bango ni la waandaaji, wao ndio waliichagua. Na picha yenyewe haiko moja. Ubao mmoja unatoa nakala nyingi. Mbili zimekwisha nunuliwa, wenyewe wameondoka nazo, siwezi kuwakimbilia."

"Kwa hiyo hivi sasa niko ndani ya nyumba za watu nisiowajua, na mwavuli."

"Uko. Lakini Sede, nisikilize, ile picha siyo..."

Alikata simu. Ilipoita tena aliitazama mpaka ikanyamaza.

Kesho yake alimvisha Sabina sweta, wakapanda basi la Iringa. Alikuwa na jambo moja tu la kufanya huko, kuishusha picha kwa mikono yake mwenyewe kama alivyozoea kushusha mabati ya watu, na njia nzima aliyapanga maneno. Lakini safari ile haikumsaidia kukasirika. Nje ya kioo uwanda wa Usangu ulikuwa umelala chini ya mvuke wa asubuhi, ng'ombe wamesimama ndani yake mpaka magotini kama wanavuka maji. Baada ya Makambako ilianza misonobari, na jua likawa linakatwakatwa na mashina, linawaka na kuzimika juu ya uso wa mtoto aliyelala, linawaka na kuzimika. Sedekia aliweka kiganja chake mbele ya macho ya binti yake bila kufikiri, akakaa hivyo mpaka Mafinga. Maneno aliyoyapanga yakawa yanampotea, moja moja.

Stendi ya Iringa hakulitafuta bango. Bango lilimwona yeye kwanza. Lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha wakala wa pesa, kona moja imechanika, na juu yake kumeandikwa kwa herufi kubwa MWANGA NA STARA: MAONYESHO YA PICHA ZA KUCHAPA. Chini yake mama mmoja alikuwa akichoma mahindi.

Sedekia alinunua hindi moja ili apate sababu ya kusimama. "Mama, huyu wa kwenye bango ni nani?"

Mama yule aligeuka, akalitazama kama mtu anayeliona mara ya kwanza. "Simjui, baba. Ni tangazo la bati hilo. Wanatuonyesha shida za nyumba inayovuja ili tukanunue bati." Akageuza mahindi yake. "Wamekuja wengi wakauliza bei."

Sedekia hakujua acheke au alie. Alimkatia Sabina nusu ya hindi, akauliza njia.

Maonyesho yalikuwa kwenye ghala la zamani la pareto, kuta nene, madirisha madogo juu kabisa karibu na dari, na mwanga wa mchana ukishuka kutoka huko mpole na mweupe kama unga. Mlangoni alikaa mzee mwembamba wa koti na kofia, msimamizi wa maonyesho, jina lake Kalinga.

"Kamwene," mzee alisema.

"Kamwene, baba."

"Umetoka mbali, naona. Ingia, ingia. Mtoto asiguse tu, kuna wino ambao haujakauka."

Ndani watu walizungumza kwa sauti za chini, kama wako kanisani kabla ya ibada. Mwisho wa ghala Sedekia alimwona mkewe. Sekela alikuwa ameinama kwenye meza, katikati ya wanafunzi waliovaa sare, anawaonyesha namna ya kusugua karatasi juu ya ubao kwa mgongo wa mwiko. Viganja vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye vifundo. Hakumwona mumewe, naye hakumwita. Alipita karibu na ukuta, mkono wa Sabina mkononi mwake, akipita vibanda vya watu, milango ya watu, taa za chemli za watu, mahema, majani ya migomba yaliyojikunja juu ya vichwa vya watoto, vyote kwa wino mweusi, mpaka akajikuta mbele yake mwenyewe.

Ilikuwa kubwa. Yule mtu wa kwenye picha alikuwa sawa na yeye kwa kimo, na wakitazamana hivyo, mmoja amesimama na mmoja amekaa, Sedekia aliona haya kana kwamba amemfumania mtu chumbani kwake.

Mbele ya picha walikuwapo watu wawili, kijana mwenye begi mgongoni na mwanamke wa makamo aliyeonekana ni mwalimu.

"Masikini," kijana alisema. "Mvua kama hiyo."

"Mimi simwonei huruma," mwanamke alisema. "Mwanamume mzima, badala ya kupanda juu azibe, anakaa na mwavuli."

Mkono wake ulikuwa umeanza kunyanyuka kuelekea kwenye misumari iliyoshika fremu, maana ndicho alichokuja kukifanya. Na kwa kuwa alikuwa fundi, kabla ya kushusha kitu alikitazama kimefungwaje, na kwa kukitazama akaona jambo.

Alilitazama paa. Mkewe alikuwa ameyachora matundu yote, kila moja mahali pake, na kutoka kila tundu ulitoka mstari mweupe, umenyooka kama uzi, na mistari yote ililalia upande mmoja. Ilizivuka kenchi na mbao za paa bila kuzigusa. Maji hayafanyi hivyo. Maji yakiingia kwenye tundu la msumari hutambaa kwanza chini ya bati, hufuata ubao, huzunguka, na hudondokea mahali usipopategemea. Aliyajua maji miaka kumi na minne. Kwanza alifurahi, kwa ubaya tu, kwamba Sekela amekosea. Kisha akatazama beseni, na ndani ya beseni hapakuwa na maji ya kudondoka bali kitambaa kilichokunjwa. Akatazama uso wa mtoto. Ulikuwa umechomwa kwa ncha ya patasi, vidoa vidogo vidogo, paji la uso, mashavu, shingo.

Chini ya picha palikuwa na kikaratasi kimeandikwa neno moja, Kivuli.

"Siyo mvua hiyo," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na watu wakageuka. "Samahani. Lakini siyo mvua. Mvua haiingii imenyooka hivyo. Hilo ni jua. Ni jua la saa tisa, linaingia kwa matundu ya misumari."

"Sasa kama ni jua, mwavuli wa nini?" mwalimu aliuliza.

"Mtoto ana surua." Alivionyesha vile vidoa vya usoni. "Macho yalikuwa yanamuuma. Mwanga ukimgusa tu analia, mpaka sauti ikaisha, akawa analia bila sauti. Na nyumba ile jua linaingia kila mahali, hakuna kona. Ukimhamisha hapa, linamfuata. Nikachukua mwavuli wa kwenda nao kanisani nikakaa naye hivyo. Siku tatu. Asubuhi mpaka jua linazama."

"Mngempeleka kwa jirani mwenye dari."

"Na surua? Nani angetupokea, mwalimu?"

Kijana alimtazama Sedekia, akaitazama picha, akashusha macho kwa Sabina, ambaye alikuwa anakula hindi lake taratibu na kumkodolea macho mtoto wa kwenye picha.

"Ni wewe," kijana alisema.

"Ni mimi."

Alikuwa amezisahau siku hizo tatu. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote. Siku za mvua alizikumbuka zote, kila beseni na kila godoro lililoanikwa, kwa sababu zilikuwa siku za aibu, naye aibu alikuwa akizitunza vizuri. Hizi tatu zilikuwa zimempita kama usingizi.

Sekela alikuwa amekwisha fika nyuma yake. Sabina alimrukia, akapigwa alama mbili za viganja vyeusi kwenye sweta.

Walitoka uani, wakakaa kwenye ngazi za saruji ambapo zamani magunia ya pareto yalikuwa yakipakiwa.

"Kwa nini hukuniambia?" Sedekia aliuliza.

"Ulikata simu."

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo ulikuwa unakula." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nilikuwa mlangoni siku ile, ya tatu, narudi kutoka kisimani. Hukuniona. Mkono ulikuwa unakutetemeka, unaubadilisha, wa kulia, wa kushoto, na mwavuli hauyumbi. Nikasema, hiki nitakichonga. Miaka miwili nimejaribu, ule mwanga ukawa unanishinda. Unajua mwanga hauchapwi, Sede? Wino ni giza. Pale unapotaka mwanga unaondoa mbao, unaiacha karatasi ibaki ilivyo. Nimeondoa mbao mpaka nikaogopa ubao utatoboka."

Jua la Iringa lilikuwa la uvuguvugu, na mtoto alianza kusinzia katikati yao.

"Lakini watu wanaona mvua," Sedekia alisema.

"Wanaona mvua."

"Limbu ameona mvua. Mama wa mahindi kaona tangazo la bati. Huwezi kusimama stendi ukamweleza kila anayepita."

"Siwezi," Sekela alisema. "Ningekuuliza kabla. Kwa hilo nakuomba msamaha, na kazi ya Limbu inaniuma. Lakini kwa picha yenyewe, baba Sabina, sikuombi msamaha."

Hakuwa amezoea kuambiwa hivyo, na alishangaa kuona kwamba haikumuudhi.

Mzee Kalinga ndiye aliyewakatiza. Alikuja na mwanamke mnene mwenye miwani, Bi Blandina, meneja wa hoteli moja Mbeya mjini, upande wa Mwanjelwa. Bi Blandina aliitaka ile picha kubwa aiweke mapokezi, mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Bei aliyoitaja ilimfanya mzee Kalinga avue kofia, akaivaa tena.

"Muulizeni baba Sabina," Sekela alisema. "Yeye ndiye aliyekaa."

Wote wakamgeukia. Sedekia alimnyanyua mtoto aliyelala, akamlaza begani, apate kufikiri. Mwanjelwa aliifahamu. Wakandarasi walifikia hoteli za huko, na wenye viwanja, na mafundi wenzake walipita mlangoni kila siku kwenda maduka ya vifaa. Angesema hapana, Sekela angeheshimu. Aliona kwenye macho ya mkewe kwamba angeheshimu, na kwamba ingemgharimu. Alirudi ndani ya ghala, nao wakamfuata. Akasimama tena mbele ya yule mtu mwenye mwavuli. Mwanga wa madirisha ya juu ulikuwa umesogea, sasa umegusa ubavu wa picha, na kwa kitambo hukuweza kusema mistari ipi ni ya karatasi na ipi ni ya jua.

"Hapo chini mmeandika nini?" aliuliza, akionyesha ukingo mweupe wa karatasi.

"Namba ya nakala, jina la picha, na jina langu," Sekela alisema. "Huwa tunaandika kwa penseli."

"Pana nafasi nyingine?"

Mzee Kalinga alielewa kabla ya wengine. "Utaratibu, ndugu yangu, anayeandika jina ni msanii tu. Aliyechorwa haandiki."

"Mzee," Sekela alisema, "mwache aandike."

Wakaitoa picha kwenye fremu, wakailaza juu ya meza. Sedekia alimkabidhi Sekela mtoto, akatoa mfukoni penseli yake ya kupimia mbao, ile nene ya bapa, akailamba ncha. Aliandika kwa herufi zilezile anazoandikia vipimo juu ya mbao za watu: Sedekia Mwakalobo, fundi wa kuezeka, Uyole. Akasita. Kisha akaongeza: Ni jua.

Bi Blandina aliivua miwani yake, akaifuta, akasema angekuja na gari Jumatatu.

Kazi ya Limbu haikurudi. Fundi wa Mbalizi aliimaliza, akaimaliza vizuri, na Sedekia alipopita barabarani aliliangalia paa lile akakubali kwamba limenyooka. Pale sokoni kuna waliomwita Mwavuli kwa miezi kadhaa, naye akawa anaitika. Fedha ya picha ilitosha mabati ya chumba cha kulala na robo ya sebule. Sabina aliamka siku ya kwanza chini ya bati jipya akauliza nani amezima jua, ikabidi ahamishie michezo yake sebuleni.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi kali, ndipo Sedekia alipopata kazi ndogo ya kubadilisha kofia za paa, mabati yanayofunika mgongo wa nyumba, huko Mwanjelwa. Mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye alijipangusa vumbi akaingia kwenye ile hoteli. Sakafu ilikuwa inang'aa, naye alikuwa amevaa buti za kazini, akatembea kwa kunyatia kama aliye juu ya vigae vya mtu. Picha ilikuwa ukutani mkabala na mlango. Mume na mke waliokuwa wanasubiri ufunguo walikuwa wakiitazama.

"Angalia inavyovuja," mume alisema, na mkewe akaguna kwa huruma.

Sedekia aliwaacha waione mvua yao.

"Baba, nikusaidie?" Binti wa mapokezi alikuwa amesimama, macho yake kwenye buti.

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kujiona tu."

Binti alimkazia macho. Akaitazama picha, mabega, kichwa kilichoinama, akarudi kumtazama yeye. Alizunguka meza yake, akaenda mpaka ukutani, akashika kwa mikono miwili chungu kizito cha maua kilichokuwa kimeiziba ile sehemu ya chini yenye majina, akakisogeza kando.